Mayai yanapotea kwenye banda la farasi wazee. Nani anakula?

#1 Mchunga wa Usa
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Usa River, Arusha, natunza farasi wawili wazee ambao bosi amewastaafisha. Jike anaitwa Bibi, cheti chake kinasema ana miaka 28. Mwenzake ni dume aliyehasiwa, Sajenti, miaka 24. Hawapandwi tena na mtu, kazi yao ni kula, kusinzia na kuninyima usingizi. Pembeni nina kuku wangu: mitetea 19 chotara na jogoo mmoja. Bosi alikubali niwaweke kwenye chumba cha banda kilichobaki wazi, sharti wasiguse bustani ya mama.

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa naokota mayai 13 au 14 kwa siku. Sasa matano, sita, siku ya neema saba. Kuku wanaonekana wazima, hawana mafua, kinyesi kizuri, chanjo ya mdondo nimewadondoshea machoni kama kawaida kila miezi 3. Ila juzi alfajiri nimeingia na tochi nikamkuta Bibi mdomo wa juu umegandiwa na kitu cha njano, na kwenye hori lake kuna vipande vya ganda.

Swali langu ni moja: farasi anakula mayai? Wale wa "nimekaa pale nasubiri majibu" naomba wasije.

#2 Kiti cha Nyuma
Nimekaa pale nasubiri majibu.

#3 Babu Chakura
Farasi ni mla majani. Mwizi wako ana miguu miwili na anajua bei ya trei. Nani mwingine ana ufunguo wa hilo banda?

#4 Mchunga wa Usa
Babu, ufunguo ninao mimi na kijana wa bustani. Na yule kijana mayai hayamkubali, akila anavimba macho. Nimemshuhudia kwa macho yangu.

#5 Babu Chakura
Anavimba akila. Akiuza havimbi.

#6 Saisi Mstaafu
Salamu kutoka Nairobi. Nimefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, miaka mingi, uwanja wa mbio wa Ngong Road naujua kama nyumba yangu. Babu hapo #3, mla majani ni kweli, lakini farasi hajasoma kitabu chako. Wakufunzi wa zamani walikuwa wanapasua mayai mabichi kwenye pumba ya farasi wa mbio, na wengine wanamwagia bia nyeusi juu yake, ati ngozi ing'ae na apate nguvu. Hata yule farasi maarufu wa Ayalandi, Arkle, aliyetwaa Kombe la Dhahabu la Cheltenham mara 3 mfululizo, 1964 hadi 1966, alijulikana kwa kuwekewa Guinness kwenye chakula.

Sasa mimi nauliza: huyo Bibi alitokea wapi? Kama alikuwa wa mbio, ladha anaijua kuliko wewe.

#7 Mchunga wa Usa
Aisee. Bibi alitoka huko kwenu Kenya na alikimbia mbio ujanani. Hili sikuliwaza kabisa.

#8 Bint Muscat
Huku Oman, Dhofar, ngamia na ng'ombe wanapewa dagaa wakavu jua likikausha malisho, na wanakula kama sisi tunavyokula bisi. Kwa hiyo mla majani kula kitu cha nyama au yai si ajabu. Mjomba wangu ana farasi na kuku pamoja kule Barka. Farasi wake mmoja kuku akipita karibu anamnusa mkiani kama anamkagua. Lakini yai sijamwona akila, nisimsingizie.

#9 Mama Kuku Moro
Mnamjadili farasi kurasa nzima, hakuna aliyeuliza kuku wanakula nini. Mleta uzi, nijibu haya: wanakula saa ngapi, wanakula nini, na mfuko wa chakula unadumu siku ngapi? Usinijibu "wanashiba". Kuku wote wanashiba.

#10 Mchunga wa Usa
Mama, nakujibu kwa ratiba.

Saa 12 asubuhi nafungua. Kwanza naloweka chakula cha Bibi, maana meno yamekwisha. Akipewa nyasi kavu anatafuna, anazungusha, halafu anatema kibunda kama mtu anayetema ugoro. Kwa hiyo anakula lusini (majani ya malisho) iliyokatwakatwa na pumba za ngano, vyote vimelowa mpaka viwe kama uji mzito. Sajenti bado anajikongoja na nyasi. Kuku wakisikia ndoo tu wanatoka mbio kunipita. Wengine wanapanda ukingo wa hori, wengine wanakaa chini ya kidevu cha Bibi kungoja kinachodondoka, na kinadondoka kingi. Yeye hana neno nao. Kuna mtetea mmoja mweusi hupanda kabisa mgongoni kwake na kumchokoachokoa, nadhani anatafuta kupe.

Chakula chao cha kutagia naweka kwenye beseni lao saa 2, nikishamaliza kuzoa samadi. Mchana wanashinda kwenye lundo la samadi wakichakura funza. Jioni nafunga wote.

Mfuko wa kilo 50 nilifungua tarehe 2 mwezi uliopita. Leo ni siku ya 33 na bado kama robo ipo. Nilidhani ni baraka.

#11 Mama Kuku Moro
Baraka gani hiyo baba! Haya, toa kalamu. Kuku wa kutaga anahitaji kama gramu 115 hadi 120 kwa siku. Wako 20, hiyo ni kilo 2 na ushee kila siku. Mfuko wa kilo 50 ulitakiwa kuisha siku ya 21 au 22. Wewe siku ya 33 una robo. Maana yake wanakula nusu tu ya haki yao, nusu nyingine wanajaza tumbo kwa uji wa Bibi.

Na pumba za ngano zina fosforasi tele lakini kalisi karibu hakuna. Ganda la yai moja linataka karibu gramu 2 za kalisi safi. Ataitoa wapi? Kwenye mifupa yake, mpaka mwili ukatae. Mayai yako hayajaibiwa. Hayajatagwa.

#12 Babu Chakura
Na ganda lililokuwa kwenye hori? Nalo halijatagwa?

#13 Mama Kuku Moro
Yai la ganda laini kuku hutaga popote alipo, likianguka limepasuka. Kuku wenyewe wanalila, na wakishaonja hawaachi. Bibi kachovya mdomo kwenye mabaki basi.

#14 Ndugu wa Lexington
Jambo wandugu. Mimi ni Mukongo, niko Lexington, Kentucky, nafanya kazi kwenye banda la farasi. Hapa farasi ni wengi kuliko mbwa. Bosi wangu ana farasi wazee wanne na kuku kama thelathini. Mwezi wa 12 jua linazama saa 11 na dakika ishirini jioni, na kuku wanafunga duka kabisa, yai hata moja. Tunawasha taa ndani wapate mwanga saa 14 mpaka 16, wanarudi kazini. Huyo ndugu wa Usa atazame mwanga.

#15 Jiografia Kwanza
Mkuu #14, asante, ila Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima haifiki nusu saa. Kentucky na Usa River ni mbingu na ardhi. Futa hiyo.

#16 Ndugu wa Lexington
Sawa mwalimu, nimekubali jua. Lakini kuku hatagi kwa jua, anataga kwa mwanga unaoingia jichoni. Kasema hapo #10 "jioni nafunga wote". Jioni ya saa ngapi? Na hilo banda lina dirisha?

#17 Mchunga wa Usa
Umenigusa penyewe. Zamani nilikuwa nafunga giza likiingia. Tangu mvua zilipoisha daktari wa mifugo aliniambia nifunge mapema kwa sababu ya usubi (vijidudu vidogo virukavyo vinavyouma), sasa saa 10 na nusu jioni wote wako ndani, na madirisha nimeyaziba kwa neti nzito na magunia. Ndani ni giza kama pangoni. Na hiyo ilianza... mwezi uliopita. Duh.

#18 Ndugu wa Lexington
😎

#19 Jiografia Kwanza
Nafuta kufuta kwangu.

#20 Tabibu wa Kwato
Nimeupitia uzi wote. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, naomba ninyooshe mambo machache kabla mtu hajaua farasi.

Kwanza, aliyekuambia ufunge mapema hakukosea. Usubi ndio wanaoeneza tauni ya farasi, na huuma zaidi kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Farasi akiipata anaweza kufa ndani ya siku chache. Punda na pundamilia huhimili zaidi. Ugonjwa huu pamoja na mbung'o ndio sababu nchi hii imejaa punda lakini farasi wa kuhesabu. Endelea kuwafungia farasi. Kuku si lazima wafuate ratiba ya farasi, watafutie banda lao.

Pili, na hili ni kubwa: mmeongea sana kuku kula chakula cha farasi. Je, farasi kula chakula cha kuku? Hilo beseni la saa 2 liko wapi? Vyakula vingi vya kuku wa nyama na vifaranga huwekwa dawa ya kuzuia koksidia (vijidudu vya kuhara damu), na mojawapo ni monensini. Kuku haimdhuru, lakini farasi dozi ndogo mno inamharibu misuli ya moyo. Cha kutagia kwa kawaida hakina, lakini kinu kinachochanganya vyote kwa mashine moja sikiamini. Na hata kisicho na dawa, farasi mzee akikomba beseni la nafaka anaweza kupata msokoto wa tumbo au kwato zikawaka moto. Kumbukeni farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Tatu, kuku wasipande hori. Wanakunya humo. Salimonela (vijidudu vya kuharisha) kwa farasi wa miaka 28 si mchezo.

#21 Mchunga wa Usa
Asante daktari. Beseni liko kwenye korido, Sajenti akinyoosha shingo analifikia. Nimelihamisha sasa hivi, usiku huuhuu, na kandambili.

#22 Kiti cha Nyuma
Uzi wa mayai umegeuka uzi wa moyo. Sisogei.

#23 Mpiga Debe wa Kibaigwa
Mimi naomba kuuliza kitu ambacho wote mnakiogopa. Farasi hapandwi, halimi, habebi, meno hana. Anakula lusini ya pesa. Si auzwe tu?

#24 Kibwana wa Amu
Auzwe kwa nani, na afanywe nini? Huku kwetu Amu (Lamu) gari ni punda. Wangu ana umri wa mtoto wangu wa kwanza, amebeba mawe ya nyumba ninayolala. Sasa hivi amezeeka, anazurura vichochoroni, akichoka anakuja kusimama mlangoni. Kenya machinjio ya punda yaliruhusiwa miaka ile ya 2012 na kuendelea, punda wakaanza kuibiwa usiku mpaka watu wakalia. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika wenyewe umekubali kusitisha biashara ya ngozi zake. Kwa hiyo ndugu wa Kibaigwa, maneno yako yana historia.

Kwa mleta uzi: mimi pia nina kuku, wanalala na punda. Acha nadharia. Mwaga majivu sakafuni kabla ya kulala, asubuhi soma nyayo.

#25 Mpiga Debe wa Kibaigwa
Nimeuliza tu jamani, hata mimi nina bibi.

#26 Saisi Mstaafu
Kidogo kuhusu meno, maana watu wengi huamini meno ya farasi yanaota maisha yote. Hapana. Jino linaumbwa refu likiwa limejificha ndani ya taya, kisha linasukumwa nje polepole, milimita 2 au 3 kwa mwaka, kufidia linalosagika. Akiba ikiisha, imeisha. Ndiyo maana Bibi anatema vibunda. Usimlaumu kwa kumwaga chakula, mlaumu aliyemjengea hori jembamba. Mpe beseni pana la mpira chini, na kuku wafungiwe mpaka amalize. Nusu saa tu.

#27 Tabibu wa Kwato
Saisi umesema vizuri. Na pumba isizidi lusini. Hesabu ya fosforasi aliyoitoa Mama Kuku hapo #11 inamhusu hata farasi.

#28 Mchunga wa Usa
Wakuu, narudi na majibu ya majivu ya Kibwana. Nimemwaga usiku wa jana na wa leo.

Usiku wa kwanza: kwato za Bibi, miguu ya kuku, viatu vyangu. Mayai matano.
Usiku wa pili: kwato, kuku, na nyayo ndogo za vidole, kama za paka lakini kucha zimeacha alama. Zimetoka kwenye tundu la ukuta, zimepita kwenye viota, zimerudi. Mayai manne.

#29 Babu Chakura
Nguchiro! Kesi imekwisha, tufunge uzi.

#30 Jiografia Kwanza
Babu, nguchiro wengi ni wa mchana. Hizi nyayo ni za usiku.

#31 Kibwana wa Amu
Yuko mwenye mkia mweupe, huyo hutembea usiku. Na yai hulivunja hivi: hulirusha nyuma kati ya miguu ligonge ukuta. Atazame ukutani kama kuna michirizi.

#32 Mchunga wa Usa
Ukutani michirizi ipo, lakini ukuta wa banda la farasi una michirizi ya kila kitu. Sijui niisomeje.

#33 Binti Mfugaji
Samahani nimechelewa, nasoma kutoka Iringa. Hapo #1 umeandika farasi wanakunyima usingizi. Wanafanya nini usiku?

#34 Mchunga wa Usa
Bibi anapiga kwato chini, tap tap tap, mpaka saa nane. Na anajikuna mkia kwenye nguzo, singa za mkiani zimepukutika. Mimi nililichukulia kama uzee.

#35 Binti Mfugaji
Huo si uzee kaka, huo ni utitiri. Mimi ulinimalizia kuku 40 nikidhani ni kideri (mdondo). Wale wekundu wanajificha kwenye nyufa za mbao mchana, usiku wanatoka kunyonya, na kuku wakikosekana wanauma chochote chenye damu, farasi na wewe mwenyewe. Kuku akishajua kiota kina utitiri hakanyagi tena. Atataga kichakani, kwenye dari, kwenye hori. Saa 4 usiku chukua kitambaa cheupe upanguse chini ya fito wanazolalia.

#36 Mama Kuku Moro
Hilo linaeleza mayai kuwa horini. Halielezi mfuko wa kilo 50.

#37 Mchunga wa Usa
Nimepangusa. Kitambaa kina nukta nyekundu, ukizisugua zinakuwa damu. Nimeanza kujikuna mpaka ninavyoandika hapa.

Daktari, bosi aliacha dawa ya minyoo ya farasi, ivamektini ya kupaka mdomoni. Naweza kuwapa kuku?

#38 Tabibu wa Kwato
Usithubutu. Ile imepimwa kwa mnyama wa kilo 500, utampaje ndege wa kilo 2? Na mayai yake mtakula na dawa ndani. Toa kuku nje, choma matandiko, mimina maji ya moto kwenye nyufa, ziba nyufa, kisha nenda duka la mifugo uulize dawa ya kunyunyizia banda, umwambie muuzaji wazi kwamba kuna kuku wa mayai na farasi. Vilevile ukimpa Bibi dawa ya minyoo, samadi yake ya siku zile za mwanzo iweke mbali na kuku. Dawa hutoka na kinyesi, na kuku wako ndipo wanaposhinda.

#39 Mchunga wa Usa
Nilimpa mwezi uliopita.

#40 Kiti cha Nyuma
Mwezi uliopita ndio mshukiwa mkuu. Kila kitu kimetokea mwezi uliopita.

#41 Ndugu wa Lexington
😂😂 Kweli kabisa. Giza, pumba, dawa, utitiri, nguchiro, wote wamepanda basi moja.

#42 Mchunga wa Usa
Leo nimefanya usafi tangu asubuhi. Juu ya rafu, ndani ya tandiko la zamani la Bibi ambalo halijashushwa miaka, nimekuta mayai 9. Nimeyatia kwenye ndoo ya maji: 4 yamezama, 5 yameelea. Yaliyoelea nimeyafukia mbali, moja limepasuka njiani, sitaki kulizungumzia.

Kuku nimewahamishia chini ya mwembe kwenye kibanda cha mabati. Beseni la Bibi liko chini, anakula peke yake, amelamba mpaka pembeni. Nilikaa naye dakika 40 anamaliza. Yule mtetea mweusi alikuwa analia nje kama amefiwa.

#43 Mama Kuku Moro
Hongera. Mayai 9 kwa mwezi mzima si hasara ya 200, lakini hongera.

#44 Mchunga wa Usa
Siku ya tatu tangu niwahamishe kuku. Mayai 8. Lakini sikilizeni: asubuhi hii Bibi mdomo wa njano tena. Kuku hawapo bandani, utitiri nimeuchemsha, tundu la ukuta nimeziba kwa saruji.

#45 Saisi Mstaafu
Nilisema tangu #6.

#46 Bint Muscat
Si ukoko wa lusini huo? Ikilowa na kukauka inakuwa njano. Mjomba alinicheka kwa hilo hilo.

#47 Babu Chakura
Kijana wa bustani yuko wapi leo?

#48 Mchunga wa Usa
Amekuja kazini macho yamevimba.

#49 Babu Chakura
Asanteni kwa kushiriki.

#50 Binti Mfugaji
Babu, si ndiye aliyebeba matandiko ya kuku kwenda kuchoma? Utitiri ukiingia kwenye kope unavimbisha hivyohivyo.

#51 Mama Kuku Moro
Mfuko umefika wapi?